Ngumi Isiyouma Mkono

Kaka yangu mkubwa alikuwa na mabega mapana kuliko kipimo cha shati. Mimi nilikuwa fundi cherehani Bariadi, na kila nilipomshonea ilinibidi niunge kipande mgongoni, halafu nikipige pasi mpaka mshono ufichike. Alinipita miaka tisa. Baba yetu alifariki kabla sijaanza shule, kwa hiyo nililelewa na mama pamoja na yeye, na hata ile cherehani aliyeninunulia ni yeye alipotoka jeshini. Jeshini alikaa miaka sita na alipigana ndondi, uzito wa juu. Aliporudi alipata kazi kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, akawa mbebaji wa marobota. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza jambo alinyamaza mpaka udhani hajasikia, ndipo ajibu, tena kwa kifupi.

Miaka ninayoisimulia ni ile kila kitu kilipokuwa ruksa. Simiyu haikuwa mkoa bado, tulihesabiwa Shinyanga. Mnadani yalianza kufunguliwa marobota ya aina nyingine, ya mitumba, na watu waliozoea kushona suruali kwangu kila baada ya kuuza pamba wakaona wanaweza kuvaa suruali iliyokwisha kushonwa, tena ya kitambaa kizito, kwa bei nisiyoiweza. Kazi iliyonibakia ilikuwa ya kupunguza. Nilifupisha suruali za wazungu warefu na kubana viuno vya wazungu wanene. Zikipita hizo mbili tatu asubuhi, siku nzima ilikuwa yangu. Ndivyo baraza nililopanga lilivyogeuka kijiwe, na mada ya kijiwe ikawa ngumi.

Aliyeianzisha ni Bwana Shamba wa wilaya, mtu wa kutoka Kusini, mwembamba, msomaji. Alikuwa na magazeti ya michezo ya zamani kwenye sanduku la bati, mengine ya Kiingereza, na alikuja nayo moja moja kama mtu anayegawa dawa. Swali lake lilikuwa moja tu: kati ya mabondia wote wa uzito wa juu tangu mchezo uanze, nani alikuwa na ngumi nzito kuliko wote? Aliliuliza Jumatatu, na Ijumaa tulikuwa bado hatujalimaliza. Nadhani tulibishana zaidi ya miaka mitatu.

Majina yao sitayaandika. Wengine hata tulishindwa kuyatamka, kwa hiyo tuliwapa ya kwetu. Kulikuwa na Shingo, kijana wa miaka ile ile, aliyemaliza watu kabla watazamaji hawajakaa vizuri. Kulikuwa na Mhubiri, jitu lililoacha ngumi likarudi uzeeni na bado likaangusha vijana. Kulikuwa na Kushoto, ambaye mkono wake mmoja ulitosha. Na kulikuwa na Mnyamavu wa enzi za babu zetu, aliyesemekana kumlaza mtu kwa ngumi ambayo haikusafiri hata shibiri moja. Bwana Shamba alikuwa upande wa Shingo. Mimi nilikuwa wa Mhubiri.

"Ngumi nzito," Bwana Shamba alisema, "ni ile inayomaliza kazi mara moja. Mhubiri wako anapiga kama anatwanga mtama. Anachosha mtu."

"Anapiga mkononi mtu anashindwa kuinua mkono," nilijibu. "Shingo anawakuta wameshaogopa. Mtu aliyeogopa anaangushwa hata na upepo."

Wapita njia walisimama, wakaegemeza baiskeli, wakachagua upande. Mkulima wa Mwamapalala aliyekuja kuuza ng'ombe alitusikiliza saa nzima, akatuuliza kama watu hao tuliwahi kuwaona kwa macho. Tulipomwambia hapana, ni magazeti na redio tu, alitikisa kichwa akaenda zake. Lakini mnada uliofuata alirudi akauliza tumefikia wapi.

Nilikuwa na silaha moja ambayo Bwana Shamba hakuwa nayo. Hoja zangu zikielemewa, nilimtaja kaka. Askari mmoja aliyepitia Bariadi likizo alikuwa amenihadithia kwamba kaka yangu, katika mashindano ya makambi, alimlaza mtu kwa ngumi moja ya kulia, mtu mzima wa kilo zaidi ya tisini, akatolewa ulingoni kwa machela. Hadithi ile niliichukua nikaifanya yangu. Niliisimulia nikiwa nimesimama, nikionyesha mguu ulivyokaa na bega lilivyogeuka, na kila mara nilimwongezea yule aliyeanguka kilo chache. Kaka akitokea barabarani kutoka jineri, nyuzi za pamba zimemganda kwenye nywele, watu walimtazama mikono. Nilijisikia mtu wa ukoo mkubwa.

"Kaka," nilimwambia siku moja mbele ya watu, "wewe ndiye uliyepigana. Tuambie, ngumi nzito ni ipi?"

Alijipangusa nyuzi za pamba kichwani. Kisha akasema, "Sijui. Wote wanapiga," akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Bwana Shamba alisema hiyo ndiyo heshima ya mabondia wa kweli, na mimi nikakubali.

Halafu lilikuja banda la video. Mfanyabiashara mmoja aliezeka chumba cha mabati nyuma ya soko, akaziba madirisha kwa magunia, akaweka jenereta nje na televisheni juu ya meza. Mara nyingi alionyesha picha za kareti, lakini Bwana Shamba alimsumbua mpaka akatafuta Mwanza mkanda wa ndondi, mkusanyiko wa watu wanavyoanguka, tangu zama za picha zisizo na rangi hadi siku zile. Jumapili moja mchana, baada ya misa, tulikwenda wote. Nilimshika kaka mkono nikamwambia leo ubishi unakwisha, lazima awepo. Hakutaka. Nilimwambia nimeshawaahidi watu. Akaja kwa ajili yangu.

Ilikuwa furaha kubwa, siwezi kudanganya. Watu tuliowabishania miaka yote tuliwaona wakitembea. Shingo alikuwa mfupi kuliko tulivyodhani. Mhubiri alikuwa na uso wa mtu mpole. Kila mtu alipoanguka banda zima lilinyanyuka, mabati yakalia, na Bwana Shamba alinigeukia akinyoosha kidole kana kwamba ni mimi niliyeanguka.

Kisha ikaja ngumi moja ambayo hata mpigaji hatukumjua. Ni ya kulia, fupi. Aliyepigwa alianguka chali, mikono yake miwili imenyooka juu, migumu, haishuki, kama ya mtu anayepokea mzigo. Miguu ilitikisika kidogo. Watu walipiga kelele nikasikia masikio yanauma. Mtu akasema rudisha, na mwenye banda akarudisha mkanda nyuma. Yule mtu akainuka kutoka chini, akasimama wima, akawa mzima. Kisha akapigwa tena, akalala, mikono juu. Wakacheka. Rudisha tena.

Katika kurudisha kule ndipo kaka alipotoka. Nilimwona akipita mbele ya mwanga wa televisheni, watu wakimpigia kelele ainame. Ningeweza kumfuata palepale. Nilibaki, nikaangalia ile ngumi mara mbili zaidi.

Nilimkuta nyuma ya jineri, ameketi chini karibu na lundo la mbegu za pamba. Nilidhani anaumwa tumbo. Niliketi nikamwambia amekosa mambo mazuri.

"Alikuwa hivyo hivyo," akasema.

"Nani?"

"Mikono. Ilikuwa hivyo hivyo, juu. Daktari aliishusha ikarudi juu."

Siku ile kaka alizungumza kuliko siku zote nilizomjua, mpaka jua la saa kumi na moja. Yule mtu niliyekuwa nikimwongezea kilo barazani alikuwa rafiki yake. Msukuma mwenzake, kijana wa Ipililo, upande wa Maswa. Walikutana siku ya kwanza ya mafunzo, wakalala vitanda vya jirani, wakafundishwa ngumi na mwalimu mmoja. Walikuwa wakizungumza Kisukuma peke yao, wengine wakilalamika. Katika mashindano yale waliobaki uzito wa juu walikuwa wao wawili, na yule kijana alikuwa na homa. Homa kali, siku ya nne. Alimficha daktari wa kambi kwa sababu mshindi angepelekwa mashindano makubwa, na hata wa pili angeweza kuitwa, mradi amepanda ulingoni.

"Mimi nilijua," kaka alisema. "Usiku nilimpa blanketi langu. Aliniomba nisiseme. Tukapatana tucheze tu, tupigane pole pole mpaka raundi ziishe, waamuzi waamue."

"Sasa ikawaje?"

"Raundi mbili tulicheza. Watu wakaanza kutuzomea. Ya tatu alinigusa puani, damu ikatoka, watu wakashangilia. Nikasikia zile kelele." Alichota mbegu za pamba, akazimwaga. "Nikasahau."

Nilimwambia ndondi ni ndondi, hakukusudia. Aliangalia mkono wake wa kulia.

"Mnauliza ngumi nzito. Ngumi zile nyingine zote nilizopiga maishani, mkono uliuma. Unapiga mtu, unasikia mfupa, unasikia kiwiko. Ile haikuuma. Nilipita kama napita kwenye maji. Nilidhani nimemkosa. Nikajipanga nipige nyingine, ndipo nikaona refa ananisukuma."

Sikumuuliza kama mtu yule alikufa. Nilidhani ndiyo. Ni yeye aliyeniambia, tukiwa tumeshasimama tunakung'uta nguo, kwamba yuko hai, yuko kwa mama yake.

Hapo nikaelewa jambo jingine. Kila mwaka jineri ikifunga msimu na mvua za kwanza zikianguka, kaka alifunga jembe kwenye baiskeli, akaondoka kwa wiki mbili au zaidi. Alisema anakodi shamba la mpunga Maswa. Mpunga wenyewe hatukuuona. Shemeji yangu, mke wake, alikuwa na hakika kwamba kule kuna mwanamke na labda watoto, na alishanililia mara nyingi barazani nimseme kaka yangu. Mimi nami niliamini hivyo hivyo. Kaka alijua tunachoamini, akatuacha.

Mvua za mwaka ule nilimwomba twende wote. Tulipata lori lililokuwa likirudi tupu baada ya kupeleka pamba, likatushusha Maswa na baiskeli zetu, na kutoka pale tukakanyaga mpaka Ipililo. Ardhi nyeusi ilikuwa imeshalowa, inanata kwenye tairi, kila baada ya mwendo kidogo tunashuka kukwangua matope kwa kijiti. Tulifika saa tisa mchana. Mji wao ulikuwa wa nyumba mbili za tope na zizi lisilo na ng'ombe, na mama mmoja alikuwa uani akianua michembe, vile viazi vikavu, kwa sababu wingu lilikuwa limefunga.

Kaka aliinama, akapiga makofi ya heshima, akamwamkia mama kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wanawane," yule mama aliitika. Mwanangu. Hakuonyesha kushangaa. Alimpa ungo, kaka akaanza kuanua michembe naye, na mimi nikabaki nimesimama na baiskeli yangu.

Mtu wetu alikuwa ndani, mlangoni, amekalishwa kwenye kiti cha kamba kilichotengenezwa kwa ajili yake, na mito ya matambara pande zote. Ndiye niliyekuwa nikimtaja kilo mia na kumi. Sijui alibaki na ngapi. Shingo yake ililalia upande mmoja, mkono wa kushoto ulikuwa umejikunja kifuani, na mate yalimtoka. Macho yalikuwa mazima. Kaka alipoingia, yale macho yalimfuata, na mtu yule alitoa sauti, sauti moja ndefu, ya chini.

"Anafurahi," mama alinieleza. "Mgeni mwingine hamlilii hivyo."

Kaka alimfuta mdomo, akamkanda ule mkono uliojikunja, kidole kimoja kimoja. Alimlisha uji. Alikuwa anajua kijiko kiingie upande gani ili asipaliwe. Alimwambia habari za jineri, nani kahamishwa, nani kaoa, kwa Kisukuma, taratibu, bila kungoja jibu. Sikuwahi kumsikia akizungumza hivyo na sisi.

Tulikaa siku kumi na moja. Asubuhi tulilima, kaka mbele, mimi nyuma yake nikiwa na malengelenge ya mtu aliyezoea mkasi. Tulipanda mahindi, mtama na kipande cha pamba. Kaka hakukalia kiti pale nyumbani. Alikaa chini jikoni, kando ya mafiga, mama akimpakulia kwenye sahani ile ile ya mwanawe. Siku moja, kaka akiwa ameenda kisimani, mama aliniambia wanawe wengine wawili walihamia Geita wakaacha kurudi.

"Huyu ndiye aliyebaki," akasema. Nilidhani anamzungumzia mgonjwa. Kisha akaongeza, "Wakati mwingine nasema Mungu alinipiga kwa mkono mmoja akanipa kwa mwingine. Ule ulikuwa mchezo. Mchezo hauna mwenye kosa."

Njiani kurudi nilimuuliza kaka kama mama anajua habari ya homa.

"Hajui."

"Miaka yote hii?"

"Kila mwaka nakwenda kumwambia," alisema. "Nikifika ananipa ungo."

Nyumbani nilimweleza shemeji ukweli, kwa sababu nilidhani nitampa nafuu. Alikuwa anapepeta mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini, akakaa. "Afadhali angekuwa mwanamke," alisema. "Mwanamke angemchoka."

Nilirudi barazani. Bwana Shamba alikuja na gazeti jipya, akakaa mahali pake, akaniambia amepata hoja itakayomzika Mhubiri. Nilimsikiliza sentensi mbili, nikamwomba tuzungumze jambo lingine. Alicheka akadhani nimeshindwa. Alipozidi nilimwambia kwa ukali kwamba watu wazima wenye akili hawawezi kushinda kutwa wakisifia watu wanaopasuana vichwa. Palikuwa na watu. Alikunja gazeti lake polepole, akasema, "Sawa, fundi." Hakuwa amenikosea lolote. Mimi ndiye niliyesimama pale miaka mitatu nikionyesha bega linavyogeuka. Ningeweza kumweleza, na nadhani angeelewa, alikuwa mtu muungwana. Lakini kueleza kungekuwa kuitoa siri ya kaka, na zaidi ya hapo niliona aibu. Alipita mara moja moja kunisalimu, hakukaa tena. Mwaka uliofuata serikali ilipunguza wafanyakazi, naye akawa mmoja wao, akarudi kwao Kusini na sanduku lake. Nilisikia baada ya siku nne kwamba ameondoka.

Jineri nayo haikudumu. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, wakanunua pamba mashambani, wakaipeleka kwenye mitambo yao mipya, na ile ya kwetu ikasimama msimu mzima bila kuwashwa. Wabebaji waliambiwa wasubiri nyumbani. Kaka alisubiri. Mgongo wake ulikuwa umeshaanza kumsumbua, na sasa, bila kazi, aliinuka asubuhi kama mtu anayejiunga vipande. Bado mvua zikianguka alifunga jembe kwenye baiskeli. Shemeji sasa alimfungia na karanga.

Habari za msiba zilitufikia mwezi wa pili, kwa mdomo wa dereva. Mtu wetu wa Ipililo alipata homa ya mapafu, akaumwa siku tano. Tulipofika walikuwa wameshamzika, udongo wa kaburi bado mbichi. Wale ndugu wawili wa Geita walikuwepo, na shuka zao mpya, hawajui kamba ya ng'ombe iko wapi wala maji yanachotwa wapi. Siku ya kunyolewa wafiwa, wanaume wa nyumba ile walipangwa kwenye ngozi ya ng'ombe, na yule mama, ambaye hakuwa amesema na mtu tangu asubuhi, alimwonyesha kaka kwa kidevu.

"Na huyo," alisema.

Kaka alikaa kwenye mstari baada ya wale ndugu wawili. Alinyolewa kwa wembe, akainamisha kichwa, na nikaona pale nyuma ya sikio kovu ambalo sikuwahi kuliona. Hakulia wakati ule. Alilia baadaye, wakati wa kuosha mikono, hata akashindwa kushika kata.

Kesho yake waombolezaji walipopungua aliniambia, "Leo nasema." Nilimwambia aache. Nilimwambia mtu amekwisha kuzikwa, mama amepata faraja yake, kwa nini amnyang'anye. Alisema amemlia mama yule chakula miaka kumi na minne. Sikuelewa hesabu hiyo inahusiana vipi na jambo lenyewe, lakini sikuwa na la kumzuia.

Alimwambia jikoni, kando ya mafiga, nami nikiwa mlangoni. Alimwambia yote: homa, siku ya nne, blanketi, ombi la kutosema, mapatano yao, kelele za watu. Hakujitetea. Alimaliza kwa kusema, "Nilijua anaumwa, mayu, na nikampiga."

Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Mikono yake ilisimama. Alikaa hivyo muda mrefu, gunzi mkononi, nusu lina punje nusu halina. Nilisubiri alie, au amtukane, au amshike kichwa kilichonyolewa. Alipoanza tena kupukuchua, hakumwangalia.

"Alikuomba usiseme?" aliuliza.

"Aliniomba."

"Alikuwa mkaidi tangu mdogo," alisema. Halafu, baada ya kitambo: "Nenda nyumbani kwako. Watoto wako wanakungoja."

Hakusema ng'wanawane. Kaka aliliona hilo kabla yangu.

Mvua zilizofuata tulikwenda tena wawili. Shamba lilikuwa limekwisha kulimwa. Mama alikuwa amewapa vijana wa jirani wenye maksai, wagawane mavuno. Alitupokea vizuri. Alituitikia salamu, akatuuliza habari za Bariadi, za mvua, za mke na watoto. Kisha akaingia ndani akatoka na kiti, kiti cha mbao chenye mgongo, akakipangusa kwa khanga yake, akakiweka uani kivulini.

"Karibu ukae, mgeni," alimwambia kaka.

Alikaa. Alikuwa mkubwa kuliko kile kiti, magoti yamepanda juu. Alipewa maji kwenye kikombe cha kioo, na chakula kililetwa kwenye meza ndogo, kuku aliyechinjwa, na maji ya kunawa yalimiminwa na binti wa jirani aliyepiga magoti. Nyumba ile haikuwahi kumchinjia kuku. Alikula kidogo. Jembe lilibaki limefungwa kwenye baiskeli, na jioni ile ile tukaondoka.

Nilitegemea hatarudi tena. Alirudi, peke yake, kila mwaka, miaka mitatu mingine, na mgongo ule. Nilimuuliza anafuata nini. Alisema anakwenda kumsalimu. Anafika, anakaa kwenye kiti, anakunywa maji, anaulizwa habari za mvua, anaondoka. Mara moja nilimwambia labda mama anamheshimu, labda kile kiti ni msamaha. Akasema, "Labda."

Tulipata habari za kifo cha mama yule mnadani, kutoka kwa mfanyabiashara wa mahindi wa Sola aliyekuwa akizungumza mambo mengine kabisa. Alikuwa amezikwa miezi miwili nyuma. Hakuna aliyekumbuka kututumia neno, na kwa nini wangekumbuka. Nilifunga baraza nikaenda kwa kaka kumwambia. Nilimkuta amelala chali kwenye mkeka, kwa ajili ya mgongo, na hakuinuka. Aliangalia mabati ya paa kwa muda.

"Ungekuwa wewe," aliniuliza, "ungemwambia?"

Nilijibu ndiyo, ningemwambia. Alitikisa kichwa, akafumba macho, na mimi nikakaa pale pembeni ya mkeka mpaka shemeji alipokuja na chai. Nilijibu haraka kwa sababu nilimwona anahitaji kusikia hivyo. Sikuwa na hakika siku ile, na leo, kaka akiwa ameshatangulia, bado sina.